Mfupa wa Ngamia na Kamusi ya Kijerumani

Sentensi ya kwanza ya Kijerumani niliyoisoma hadi nukta yake bila kufunua kamusi ilitaja nyumba ya Unguja. Ni kasri la Mtoni, kaskazini ya mji, ambalo leo ni magofu yanayopigwa na upepo wa bahari. Aliyeiandika sentensi hiyo alizaliwa humo tarehe 30 Agosti 1844: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Nilikuwa nimeketi barazani kwetu Tanga, karatasi nilizochapisha dukani zimelala pajani, nikaona fahari ya mtoto aliyehitimu juzuu yake ya kwanza. Fahari ile haikukaa. Kilichoiondoa ndicho kilichonifanya niandike makala hii, lakini sina budi kuanza na Salme, kwani bila yeye nisingejifunza Kijerumani hata kidogo.

Kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilitoka Berlin mwaka 1886. Nilikuwa nimekwisha kukisoma kwa Kiingereza, na kila nilipokisoma nilijiona kama mtu anayesikiliza maongezi ya chumba cha pili. Kinasimulia Unguja ya utoto wake, chakula chake, sikukuu zake, ugomvi wa ndugu, maradhi na uganga. Mambo mengi katika hayo mimi nayajua kwa majina ya Kiswahili, na mwandishi naye aliyajua kwa Kiarabu na Kiswahili. Kisha akayaandika kwa Kijerumani, mfasiri akayageuza Kiingereza, nami Mswahili nikayapokea mkono wa tatu. Nikasema, basi angalau niruke mkono mmoja.

Mwalimu sikuwa naye. Nilikuwa na kitabu cha sarufi kisicho na jalada, kamusi ya mitumba iliyopungua kurasa za herufi Z, na saa moja baada ya sala ya alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mwaka wa kwanza nilisoma kurasa 11. Anayejifunza peke yake hana wa kumcheka wala wa kumsahihisha, na hadi leo sijaamua lipi kati ya hayo lina hasara zaidi. Kwa miezi mitano nilitamka ei ya Wajerumani kama inavyoandikwa, kwa mazoea yetu ya kuipa kila irabu haki yake, mpaka siku nilipomsikia msomaji wa habari redioni nikagundua kwamba wao husema ai. Ilinibidi niyatoe maneno yote kinywani na kuyarudisha upya.

Jinsi za nomino zilinitesa kuliko yote. Mjerumani anagawa nomino zake mafungu matatu, la kiume, la kike na lisilo lolote kati ya hayo, na neno la msichana, Mädchen, kaliweka katika fungu hilo la tatu. Nilighadhibika kwa niaba ya wasichana wote wa Ujerumani. Kisha nikaona kwamba kosa ni la kile kiambishi cha udogo kilicho mwishoni mwa neno. Chochote kinachokibeba huhamia fungu hilo. Sisi nasi tunaye kijana, ambaye umbo lake ni la kiti na kisu. Lakini hatusemi kijana kimekuja. Tunatazama umbo, kisha tunamtazama mtu, na sarufi inampisha mtu. Sikuwa nimelitafakari jambo hilo hata mara moja katika miaka yote ya kusema Kiswahili.

Nirudi kwa Salme. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba watoto wa kike wa jumba la kifalme walifundishwa kuisoma Kurani tu. Kuandika lilikuwa jambo la wavulana. Yeye hakuridhika. Akachukua msahafu kama kielelezo, akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akaanza kunakili herufi kwa siri, umbo baada ya umbo. Alipokwisha kuyajua maumbo ndipo akamtafuta mtumwa mmoja aliyejua kuandika amnyooshe mkono. Habari zilipovuja alilaumiwa sana, naye anasema hakujali.

Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na kila mara hunisimamisha mambo mawili. La kwanza ni yule mtumwa aliyemfundisha, ambaye hakupewa jina. Sehemu ya elimu ya binti wa mfalme ilitoka mkononi mwa mtu aliyemilikiwa, na kitabu kinapita hapo bila kutua. Kitabu hicho, ni vyema kusema, kinautetea utumwa kwa maneno ambayo msomaji wa leo atayaona machungu. La pili ni sababu ya kutaka kuandika. Mwanamke wa jumba lile aliyetaka kupeleka barua alilazimika kumwambia mtu mwingine yaliyo moyoni mwake. Aliyejua kuandika alikuwa na siri. Nadhani Salme aliitaka siri hiyo kabla ya kujua atakavyoitumia.

Matumizi yalikuja mapema. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, Majid akatawala Unguja, na mwaka 1859 ndugu yake Barghash akala njama ya kumpindua. Salme alikuwa na umri wa miaka 15. Dada yake Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme akamfuata Khole kwa mapenzi, ingawa Majid ndiye aliyewahi kumlea yeye na mama yake katika nyumba yake. Miongoni mwa waliokula njama, wanawake walikuwa wengi na mwenye kalamu alikuwa yeye. Akawa mwandishi wa barua zao. Njama ilivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na binti aliyejifundisha kuandika kwenye mfupa akabaki mjini na lawama ya barua alizoziandika kwa mkono wake. Wengine wangeweza kukana.

Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, kwa sababu mapenzi yake na Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, yalikuwa yamejulikana. Huko Aden, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, wakaoana, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu. Mjane alikuwa na miaka 25, watoto watatu ambao mkubwa wao alikuwa na miaka 2, na lugha ambayo hakuzaliwa nayo, katika nchi ambayo hapakuwa na lugha nyingine ya kununulia mkate.

Hapa ndipo kujifunza kwangu kulinifaa, maana sarufi ilinionyesha jambo ambalo tafsiri isingelinionyesha. Nilipofika kwenye somo la hesabu, Mjerumani alinichosha kwa kusema moja na ishirini badala ya ishirini na moja. Nilikosea tarehe kwa wiki nyingi. Halafu nikakumbuka kwamba Mwarabu naye husema hivyo hivyo, wahid wa ishirin, na kwamba watunzi wetu wa tenzi wa zamani walitaja tarehe zao kwa hesabu hizo za Kiarabu. Salme hakuhitaji kujifunza mpangilio huo. Alitoka nao kwao. Kwa Mwarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, na kwa Mjerumani pia, Sonne ni wa kike na Mond ni wa kiume. Sauti ya kh, ambayo wengi wetu tumeiacha tukasema heri na habari, Mjerumani anayo, na Mwunguja aliyesema kheri na khabari hakuwa na haja ya kuitafuta kooni. Nilikuwa nikimwonea huruma kwa ugeni wa lugha ile, kumbe milango mitatu minne ilikuwa wazi kwake ambayo kwangu imefungwa. Ugumu wake ulikuwa mahali pengine.

Utotoni mwake, anasema, Kiarabu ndicho kilichoruhusiwa mbele ya baba. Baba akigeuza mgongo tu, ndimi zilichanganyika: Kiajemi, Kituruki, Kisirkasi cha mama yake, Kiswahili, Kinubi, Kihabeshi. Mchanganyiko huo ulibaki hata katika majina ya nyumba kama alivyoyaandika. Anaandika Bet il Mtoni, Bet il Watoro. Tazama jina hilo la pili: neno la Kiarabu, kiunganishi cha Kiarabu, kisha watoro, wa kwetu kabisa, na ngeli yake juu. Hakuliremba kwa Kiarabu cha vitabuni wala hakulitafsiri. Katikati ya sentensi ndefu ya Kijerumani, kitenzi kikiwa kimesukumwa huko mwisho, mara unakutana na watoro. Nilicheka peke yangu barazani.

Lakini soma dibaji. Anasema humo kwamba miaka tisa kabla ya kitabu kutoka alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, ambao wakati huo walijua machache tu juu ya asili yake zaidi ya kuwa yeye ni Mwarabu na mzaliwa wa Unguja. Watoto hao walikuwa Wajerumani kwa lugha na malezi. Mama aliyetaka kuwaeleza kwao aliwaeleza kwa lugha yao. Aliandika pia barua nyingine, zilizochapishwa mwaka 1999, miaka 75 baada ya kifo chake, kwa jina la Briefe nach der Heimat, yaani barua za kwenda kwao. Anamwandikia rafiki aliyebaki Unguja, anamweleza baridi, upweke, majirani wanaomkodolea macho. Anaziandika kwa Kijerumani. Hebu fikiri, ndugu msomaji: barua za kwenda nyumbani, kwa lugha ambayo rafiki yule wa nyumbani asingeweza kuisoma hata zingefika. Neno lenyewe Heimat lilinikalia siku nyingi. Kamusi yangu ilisema nchi ya asili. Mimi ningesema kwao, na tofauti ni kwamba kwao hubadilika kwa anayesema: kwetu, kwenu, kwao. Mjerumani anaweza kulitaja bila kusema ni kwa nani.

Siku nilipokuwa nikipambana na neno hilo bibi yangu aliniita. Alikuwa mtu mzima sana, macho yamekwisha. Alikuwa ameushika msahafu wake, na ndani ya msahafu ilikaa barua ya babu, aliyokwenda kuiandika Pemba wakati wa mavuno ya karafuu, miaka ya 1950, wakati watu wengi wa pwani yetu walikuwa wakivuka kwenda kuchuma. Barua tuliifahamu sote kwa sura. Hatukupata kuigusa.

“Mjukuu wangu,” akasema, “nisomee barua ya babu yako. Mimi siioni tena.”

Nikaifungua. Ilikuwa ya Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mimi nilikwenda chuoni kama watoto wote wa mtaani kwetu, na msahafu nausoma. Lakini msahafu una irabu zake juu na chini ya kila herufi, na mwandiko wa babu ulikuwa wa mtu mwenye haraka, bila irabu, nukta zimeungana na kuwa vistari. Niliigeuza huku na huku.

“Siwezi, bibi.”

“Si nakusikia kila alfajiri wasoma?”

“Kile ni Kijerumani.”

Akanyamaza kidogo. “Haya,” akasema. “Irudishe msahafuni.”

Nililolijua baadaye kwa kusoma ni jinsi nilivyofikishwa hapo, na ajabu yake ni kwamba Wadachi wamo. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Hati ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya 1728. Hapa kwetu Tanga, Hemed bin Abdallah al-Buhriy alizitumia herufi hizo kutunga utenzi wa vita vya watu wa pwani na Wadachi, vile vya 1888 na 1889. Miaka michache tu baada ya vita hivyo Wadachi hao walifungua Tanga shule ya serikali, na neno lenyewe shule ni lao, kama hela ilivyo yao. Mwanzoni serikali yao iliandikiana na majumbe kwa herufi za Kiarabu. Kisha shule ikatoa makarani wa herufi za Kilatini, gazeti la Kiongozi likaanza kuchapishwa papa hapa Tanga mwanzoni mwa karne ya 20 kwa herufi hizo hizo, na wamisionari walikuwa wamekwisha kuchapisha vitabu vyao kwa Kilatini tangu zamani. Waingereza walipounda Kamati ya Lugha mwaka 1930, swali la herufi lilikuwa limekwisha kujibiwa. Sijaona kwamba mtu alihitaji kupiga marufuku mwandiko wa babu yangu. Ulinyimwa kazi tu. Haukulipa mshahara, haukusomeka ofisini, ukabaki kwenye barua za wachuma karafuu na hati za watunzi.

Bibi alifariki kabla ya mfungo uliofuata, na barua akaniachia mimi, sijui kwa kunipa au kwa kunilaumu.

Nikaiweka kamusi ya Kijerumani kabatini, nikanunua daftari. Sikujua njia nyingine ila ile ya mfupa wa ngamia, nikaanza kunakili. Kila mstari wa babu niliunakili mara kumi, bila kuuelewa, mpaka mkono ukaanza kujua alipoinua kalamu na alipoiburuta. Wenye kuzijua hati hizi watanicheka, na wana haki. Mwandishi wa zamani hakuwa na herufi ya p, akatumia b; hakuwa na v, akatumia f; e na i zilikaa nyumba moja, o na u nyumba nyingine; na m au n iliyotangulia b, d au g aliiacha mara nyingi, kwa kuwa msomaji Mswahili angeijaza mwenyewe kinywani. Kwa hiyo Pemba na bibi huandikwa sawasawa: b, y, b. Kwa wiki nzima nilisoma kwamba babu alikuwa “bibi” akichuma karafuu.

Kujifunza Kijerumani kulinizoesha kuingoja sentensi. Mjerumani hukupa mtenda, mahali, wakati, sababu, kisha ndipo hukupa kitenzi, nawe huwezi kuhukumu kabla hakijafika. Barua ya babu ilitaka subira ya namna hiyo katika neno moja moja. Unashika b, unaitazama l, unakwenda mbele hadi mwisho wa mstari, unarudi ukiwa na maana mkononi uijaribu. Nadhani ndiyo sababu waliokuwa wakisoma tenzi kwa herufi hizi walikuwa karibu wote wameshazisikia kwanza. Jicho lilikuwa linaukumbusha ulimi.

Sasa ninazo sehemu tatu za nne za barua. Babu amefika salama. Mvua imechelewesha uchumaji. Amempa nahodha mmoja pesa na doti ya kanga, na bibi asimwamini akisema ni doti moja, kwa kuwa ni mbili. Anamuuliza kama kuta za jikoni zimekandikwa. Hakuna neno la mapenzi hata moja hadi mstari wa tisa, mahali karatasi ilipokunjwa. Hapo pana neno sikuwasahau, kisha neno jingine fupi, kisha mkunjo umekula wino hadi ukingoni.

Neno hilo fupi ni b, alifu, l. Likiwa bali, basi babu alikuwa anaanza kutoa sababu ya kukawia, na sababu yenyewe imeliwa na mkunjo. Likiwa mbali, hapakuwa na sababu yoyote. Sentensi imekwisha hapo, sikuwasahau mbali, yaani huku niliko. Nimelinakili zaidi ya mara mia. Nimehesabu mahali pengine katika barua ambapo ameandika m kabla ya b, na ambapo ameiacha, ameiacha kote. Mkono wake haunipi jibu.

Bibi aliisoma barua hiyo miaka zaidi ya 50 kabla macho hayajamwacha. Yeye alilijua neno lile.